Fundi Timba Hutoka Mwisho

Jumatatu, saa 4:00 asubuhi. Kahama.

Telesphori alipanga vizibo vya soda mezani. Mstari upande huu, mstari upande ule. Katikati akaacha nafasi ya upana wa vidole viwili.

"Huu ni mtaa," alisema. "Umekufa, umezikwa, matanga yameanuliwa. Lakini upo."

Chumba kilikuwa nyuma ya mgahawa wa Dorah, kati ya magunia ya mkaa na friji bovu. Walikuwa wanne. Telesphori mwenyewe, mtu wa Ushirombo, mtoto wa misheni, aliyebeba chetezo kanisani miaka mingi kabla hajabeba bastola. Maganga, Msukuma mwenye mabega ya fahali, mpiga nyundo. Nelly, dereva, mdomo mtamu, uso wa mtu wa ofisini. Na Zamoyoni.

Zamoyoni alikuwa fundi timba. Miaka thelathini pale Nyarugusu amesimika magogo ndani ya maduara, maana ndivyo wachimbaji wanavyoyaita mashimo yao, ili ardhi isiwalalie wenzake. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa utomvu. Kifua chake kilipiga mluzi akipanda ngazi.

Telesphori aligonga kizibo kimoja kwa ukucha. "Hili duka la Abdul, mnunuzi wa dhahabu. Mbele limetazama lami. Mlinzi mbele, kamera mbele, kamera ubavuni. Nyuma hakuna kitu. Kwa nini? Kwa sababu Abdul anaamini nyuma yake kuna ukuta wa jirani. Na jirani naye anaamini hivyo hivyo."

"Na kumbe?" Maganga aliuliza.

"Kumbe kuna mtaa mzima katikati. Uliza fundi. Kakulia humo."

Zamoyoni alitazama ile nafasi katikati ya vizibo. Miaka sita nyuma duara lilijifunga juu yao, yeye na Telesphori. Siku mbili gizani na chupa moja ya maji. Anayelala kule haamki. Basi ili mwenzake asilale, Zamoyoni alimsimulia mtaa alimolelewa pale Shinyanga, mlango kwa mlango: nani alikuwa anauza nini, nani alikuwa anamtukana nani. Telesphori hakulala. Wala hakusahau.

"Sefu la Abdul limejengewa ukutani," Telesphori aliendelea. "Nimemuuzia mzigo miaka minne, nimelitazama hadi nimelichoka. Uso wake uko dukani. Mgongo wake uko mtaani. Ijumaa mzigo wa wiki umo wote, Jumamosi unasafirishwa. Hotuba ya Ijumaa inaanza saa saba kamili, spika za msikiti ziko juu ya paa la tatu kutoka hapo. Nusu saa mji mzima hausikii kingine. Tunalikata mgongo."

"Na tunaingiaje?"

"Kuna bibi. Nyumba yake ndiyo peke yake iliyobaki na mlango wa kutokea humo."

"Tunamfunga kamba?" Maganga aliuliza.

"Hafungwi," Zamoyoni alisema.

"Kitambaa tu mdomoni, bhebhe," Maganga alimwambia, Kisukuma kikimponyoka. "Hatuui."

"Haguswi. Tena sikilizeni, nyote watatu. Jambo hili likiisha, polisi wasiwe na sababu hata ya kumpa salamu. Asitajwe. Asiulizwe. Hilo ndilo lililonileta. Likivunjika, ukuta nautegua mkiwa chini yake."

Maganga alimtazama Telesphori. Telesphori alicheka kidogo.

"Bibi yule alimlea," aliwaambia. "Mwacheni." Kisha akaweka kiganja mezani, jinsi wachimbaji wanavyoweka kiganja juu ya mwamba kabla ya kushuka. "Ni kama duarani, fundi. Mzigo kwanza, watu wafuate, fundi timba mwisho. Na hakuna anayebanduka mdomoni mwa shimo kabla fundi hajatoka."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Haikuandikwa popote. Wa juu anaita: "Timba?" Fundi aliye chini, akiona magogo yameshika, anajibu: "Imekaa." Wa juu anasema: "Toka." Maneno matatu, basi. Mtu mmoja tu Zamoyoni alimjua aliyewahi kuondoka kabla ya neno la tatu. Hakupata shimo la kufanya kazi tena, kutoka Nyarugusu hadi Mgusu. Aliishia kuuza miwa.

Zamoyoni akaweka kiganja chake juu ya cha Telesphori. Tusimpake asali: dhahabu na yeye aliitaka. Lakini pia alijua kwamba watu hawa wangekwenda na yeye au bila yeye. Bila yeye, kamba ingekuwepo.

Jumanne, saa 3:00 asubuhi. Shinyanga.

Walivaa vizibao vya kung'aa na kofia ngumu. Nelly alikuwa na kamera na daftari kubwa lenye jalada gumu. Wao walikuwa mradi. Mradi wa kusajili majengo ya kale.

Bi Mwahija alikuwa na miaka themanini na ushei, mwembamba kama ufito, mtoto wa jicho amemtanda jicho la kushoto. Alikuwa akiishi na mjukuu wake Zuhura, binti mkubwa, mshona nguo. Zuhura aliwatazama mlangoni kwa mashaka. Bibi hakuwa nayo.

"Shikamoo, bibi," walisema.

"Marahaba, wanangu. Eti majengo ya kale?"

"Ndiyo, bibi," Nelly alisema. "Tunapima, tunapiga picha, tunaandika. Yasipotee."

"Mmechelewa," alisema Bi Mwahija. "Lakini mmechelewa kama mvua. Ikija nani anaifukuza? Zuhura, nisogezee kabati."

Nyuma ya kabati la vyombo palikuwa na mlango wa mninga, mfupi, mweusi kwa masizi. Zuhura aliinua komeo. Mlango ukalia kama ng'ombe anayechinjwa.

Telesphori alitangulia. Akagonga kichwa kwenye kizingiti cha juu, kofia ikalia ko! Maganga akafuata, akagonga, akarudi nyuma, akagonga tena. Bibi alicheka hadi akashika ukuta.

"Marehemu mume wangu aliujenga mfupi makusudi. Alisema anayepita nyuma ya nyumba ya watu apite kwa adabu. Kila mgeni lazima alipe."

Zamoyoni alipita wa tatu, futi ya kupimia mkononi, akitazama kitu kingine. Nelly akafuata, naye akagonga, naye akacheka.

Bi Mwahija aliacha kucheka.

"Wewe baba, unaitwa nani?" alimuuliza Zamoyoni.

"Paschal, bibi."

"Paschal." Alilitafuna jina hilo kidogo. "Mama yako yupo?"

"Alishafariki."

"Zamani?"

"Zamani."

"Mungu amrehemu," alisema Bi Mwahija, na akageuza uso kuelekea mtaani.

Mtaa ulikuwa pale. Hatua nne upana, labda sitini urefu. Huku na huku wenye viwanja walikuwa wamejenga fremu za maduka, kila mmoja ameupa mtaa kisogo, hata ncha zote mbili zikazibwa. Juu mabati ya pande zote yalikaribiana, mwanga ukashuka mwembamba kama uzi. Chini majani makavu yalifika kwenye vifundo vya miguu. Lakini milango ilikuwapo. Mbao nene zenye vichwa vya misumari. Vibaraza vya saruji nyekundu vilivyolainishwa na makalio ya watu waliokwisha kufa. Juu ya mlango mmoja rangi ya buluu ilisomeka nusu: CHAI NA MAHA. Mwisho kabisa boriti la mizani ya pamba lilikuwa bado linaning'inia kwenye mnyororo, limeinama upande mmoja, kama linasubiri mkulima.

Nelly alisahau kwamba anaigiza. Alipiga picha. Akapiga tena. "Jamani," alisema peke yake. "Jamani, watu wanapita hapo nje kila siku."

Bi Mwahija alitembea na fimbo yake, akiitaja milango. "Huu wa kwanza wa Mzee Saidi, mkahawa. Ugomvi wote wa mji ulikuwa unaamuliwa hapa. Wa pili fundi saa, alikuwa na jicho moja na kioo. Wa tatu mwenye mizani, mwizi, Mungu amsamehe, kidole chake kilikuwa kizito kuliko pamba. Wa nne..." Alisimama. "Wa nne nimeusahau. Nani alikuwa hapa?"

Alimtazama kila mmoja kana kwamba wangejua. Ulimi wa Zamoyoni ulijinyanyua wenyewe. Akauuma.

"Uzee," alisema bibi. "Tuendelee."

Jumatano, saa 5:00 asubuhi.

Nyuma ya boriti la mizani walikuta ujia. Zamoyoni hakuwahi kuujua. Utotoni palikuwa na milima ya magunia hapo. Maganga alipiga mbao mbili teke, zikaanguka upande wa pili, na wakajikuta ndani ya ghala la pamba, kuu, tupu, popo darini, geti la chuma likitazama soko la mitumba.

"Mabarobaro walikuwa wanapitisha magunia hapa," bibi aliwaambia kutoka mbali, bila kufika. "Kutoka mizani hadi ghalani, bila kunyeshewa."

Telesphori alitazama geti kwa muda. Jioni ile Nelly alikwenda kulikodi ghala kwa mwenye nalo. Alisema ni la kuwekea mpunga.

Basi njia ya Ijumaa ikapatikana. Wangeingilia ghalani na kutokea ghalani. Nyumba ya bibi isingeguswa na hata vumbi. Zamoyoni alilala vizuri usiku ule, mara ya kwanza wiki hiyo.

Alhamisi, saa 8:00 mchana.

Zamoyoni alileta magogo ya mkaratusi, mafupi, kumi na mawili. Alimwambia bibi ni ya kuegemeza kuta mbovu, wageni wasije wakaumia. Bibi alimshukuru. Alimletea chai ya mdalasini kwenye kikombe cha bati, kama Jumanne, kama Jumatano.

"Abdul alitaka nyumba hii ajenge ghorofa," bibi alimwambia. "Nilikataa kumuuzia. Kanuna mwezi mzima, kisha Ramadhani akaniletea tende. Jirani mwema. Unauegemeza na ukuta wa kwake?"

"Na wa kwake, bibi."

Nelly alifungua daftari akamwomba asaini kwamba ameruhusu mradi kupita kwake. Bi Mwahija aliandika jina lake polepole, herufi za madrasa na herufi za shule, zote mbili.

Zamoyoni alimfuata Nelly ujiani. "Saini ya nini? Hatukuipanga."

"Telesphori kasema mradi lazima uwe na karatasi." Nelly alikuwa akifunga kamera, haangalii juu. "Fundi. Kesho usikawie humo ndani."

"Fundi timba hukawia. Ndiyo kazi yenyewe."

Nelly alifungua mdomo. Telesphori alitokea ghalani na kufuli jipya mkononi, kubwa kama ngumi. Nelly akafunga mdomo.

"La geti," Telesphori alisema. "La zamani bovu."

Jioni waliaga. Bi Mwahija aliushika mkono wa Zamoyoni na hakuuachia upesi.

"Kesho hamji?"

"Kesho Ijumaa, bibi. Kazi imekwisha."

"Paschal. Huna neno la kuniambia kabla hujaondoka?"

Zuhura alikuwa amesimama nyuma yake na nguo ya mtu begani. Cherehani ilikuwa kimya. Zamoyoni alilitazama lile jicho lenye ukungu.

"Asante kwa chai, bibi," alisema.

Ijumaa, saa 6:40 mchana.

Ghala lilikuwa tanuri. Nelly alibaki garini nje, kati ya marobota ya mitumba na muuza kahawa. Watatu waliingia ujiani.

Mgongo wa duka la Abdul ulikuwa tofali za kuchoma zilizoshikwa kwa udongo, kazi ya kabla saruji haijawa rahisi. Zamoyoni alipitisha viganja juu yake. Alibisha kwa kifundo cha kidole: hapa panene, hapa pembamba, hapa pana chuma.

"Hapa," alisema.

Saa 7:00.

Spika zilikohoa. Hotuba ikaanza.

Maganga alishika tindo na nyundo, akapiga. Nusu ya mapigo yalimezwa na sauti ya khatibu, nusu ikabaki kati ya kuta. Zamoyoni alifuata nyuma yake. Tofali tatu zikitoka, gogo moja linaingia. Kabari, nyundo ndogo, mara mbili. Gogo lingine. Ukuta ule ulikuwa kama meno ya mzee. Ukigusa moja, yote yanajadiliana. Vumbi liliwageuza wote rangi moja.

"Juu kushoto panashuka," Maganga alisema.

"Nimepaona. Piga."

Saa 7:09.

Mgongo wa sefu ukaonekana. Bati la kijani, kutu pembeni. Mbele lilikuwa chuma cha kuzuia risasi. Nyuma lilikuwa bati tu. Abdul alinunua mlango mzuri akauweka kwenye boksi.

Telesphori aliwasha grenda ya betri. Cheche zikaruka. Khatibu alikuwa akiongelea amana. Zamoyoni alisikia neno hilo mara moja, mara mbili, kisha grenda ikalila.

Saa 7:21.

Bati likadondoka ndani. Telesphori aliingiza mkono hadi begani. Akatoa kifuko cha turubai. Kingine. Kingine. Vizito kwa namna ile ambayo mkono wa mchimbaji haukosei. Maganga alitoa mlio mdogo kooni.

"Nduhu mhayo," alisema. Hakuna neno. Uso wake ulikuwa hauna furaha.

"Beba," Telesphori alimwambia. "Mzigo kwanza."

Mpango ulikuwa huu. Wawili watangulie na mfuko hadi ghalani. Zamoyoni abaki ameshika ukuta. Wakishafika getini, waite. Yeye ajibu, aambiwe atoke, ategue magogo mawili anayoyajua yeye tu, akimbie. Ukuta utaanguka nyuma yake, tundu lizikwe, na Abdul apoteze saa nzima kuelewa kilichompata.

Telesphori alimgusa bega. "Kama duarani," alisema.

"Kama duarani."

Nyayo zao zilikwenda. Majani makavu, mbao, kisha saruji ya ghala.

Saa 7:26.

Alisubiri. Khatibu alikuwa akiomba dua sasa, sauti imeshuka. Mchanga ulimwagika polepole kutoka juu ya gogo la tatu. Alilikazia kabari.

"Timba?"

Ilikuwa sauti ya Maganga. Mbali. Imevunjika katikati.

"Imekaa," Zamoyoni alijibu.

Alishika nyundo. Alisubiri neno la tatu.

Alisikia minyororo. Alisikia Telesphori akisema kitu kifupi, na Maganga akisema, "Lakini fundi..." Kisha chuma juu ya chuma, na ule mlio mdogo, mnene, wa kufuli jipya likijifunga.

Hakusogea. Mtu akitumikia sheria miaka thelathini, mwili wake hauulizi kichwa. Alisimama na nyundo mkononi akisubiri neno. Nje gari liliwaka. Likaondoka taratibu, kama gari la mtu asiye na haraka.

Saa 7:31.

Geti halikutikisika. Alilisukuma kwa bega, kwa mguu. Kifua kikapiga mluzi. Muuza kahawa nje alikuwa akigonganisha vikombe. Swala ilikuwa imesimama. Mji ulikuwa kimya kama maji.

Alirudi mtaani. Ndipo alipouona ule mkusanyiko chini ya mlango wa mninga, umepangwa kwa utaratibu kama zawadi, wakati yeye na Maganga walipokuwa wakivunja ukuta. Vizibao vinne. Kofia nne. Betri ya pili ya grenda. Juu yake daftari, limefunguliwa ukurasa wenye jina la Bi Mwahija, herufi za madrasa na herufi za shule.

Akaelewa yote kwa mara moja. Ujinga wake ulikuwa mpana kama ghala lile. Polisi wangetaka mtu. Telesphori alikuwa amewaachia wawili: kibabu kilichokwama ndani, na bibi aliyefungua mlango na kutia saini. Nani angehangaika kufika Ushirombo?

Siku mbili gizani. Alimhadithia mlango kwa mlango ili asife. Naye alikuwa akihesabu milango.

Zamoyoni alichana ukurasa ule. Alitoa kiberiti. Karatasi iliungua hadi vidoleni, hakuiachia. Alibeba vizibao, kofia, betri na daftari akavitupa chini ya tundu, akashika nyundo. Gogo la tano na la nane. Akayategua. Akaruka nyuma.

Ukuta ulifikiri kidogo. Kisha ukaja wote, na uchafu wa miaka themanini juu yake.

Saa 7:38.

Vumbi lilipotulia alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha mlango wa nne. Alisikia swala ikitoka, viatu vingi vikitafutwa. Kisha akasikia sauti karibu kuliko zote, upande wa pili wa mbao za mninga.

"Mmemaliza kupima?"

Alikwenda akasimama mbele ya mlango. "Bibi," alisema.

"Hotuba ya leo ilikuwa na chuma ndani yake," alisema Bi Mwahija. "Mimi jicho limekufa. Sikio halijafa. Ilipoanza tu, nilimtuma Zuhura msikitini. Akamngoje Abdul mlangoni, amwambie watu wa mradi wako nyuma ya duka lake. Na amwambie ni mimi niliyewafungulia, kwa mkono wangu, nikidanganywa. Nilitaka asikie kwangu kwanza, asije akasikia kwa mtu."

Zamoyoni aliegemeza paji la uso kwenye mbao. Bibi alikuwa salama. Alikuwa amejiokoa mwenyewe, na kwa kumtoa yeye, Zamoyoni.

"Umefanya vizuri," alisema.

"Sikukuuliza."

Fimbo yake iligonga sakafu mara moja.

"Siku ya kwanza," bibi alisema, "kila mtu aligonga kichwa. Wewe uliinama. Hukutazama hata juu. Mgeni gani anakijua kizingiti hiki? Nilikunywesha chai siku tatu, Zamoyoni. Siku tatu nasubiri uniambie jina lako. Uliniambia mama yako amekufa."

Zamoyoni alifuta vumbi usoni kwa kiganja.

"Wenzako wako wapi?"

"Wameniacha."

"Ndiyo. Wewe uliwafundisha njia, wao wamejifunza na tabia." Komeo likanyanyuka. Mlango ukalia. Bi Mwahija alisimama kwenye mwanga wa ua, fimbo mkononi, mdogo kuliko alivyomkumbuka siku yoyote. "Toka," alisema.

Bibi hakujua kuwa amesema neno la tatu. Zamoyoni aliinama, akatoka.

Hakukimbia. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Alikuwa akiona barabara na watu wa kanzu wakipita. Alikaa kwenye mkeka pale alipokuwa akikaa akiwa na miaka saba. Bibi naye akakaa, kwa taabu, mkabala naye. Hakumletea chai.

"Wa kwanza?" alimuuliza.

Alichelewa kumwelewa. "Mzee Saidi. Mkahawa."

"Wa pili?"

"Fundi saa."

"Wa tatu?"

"Mizani. Mwizi."

"Wa nne?"

Sauti ya Abdul ilikuwa imefika barabarani sasa, na buti nyuma yake.

"Mama Asteria," Zamoyoni alisema. "Maandazi. Alikuwa ananipa yaliyovunjika."

Bi Mwahija alitikisa kichwa kukubali. "Sikuusahau," alisema. "Nilikuachia wewe."

Waliingia watano. Abdul na kanzu yake ya Ijumaa, uso umepauka, Zuhura, na askari watatu. Abdul alimpita Zamoyoni akainama mbele ya bibi kwanza, akamshika mkono. Zamoyoni aliiona salamu ile akaiweka moyoni, maana ndiyo aliyoifanyia kazi, ijapokuwa kazi yenyewe ilikuwa ya wizi.

Walimfunga pingu. Askari mkubwa, mwenye tumbo, alichuchumaa mbele yake.

"Mlikuwa wangapi?"

Duarani kuna sheria nyingine, fupi kuliko ile ya kwanza. Fundi timba aliyeachwa chini hana siri ya mtu.

"Wanne," alisema Zamoyoni. "Gari jeupe, Noah, Nelly anaendesha. Hawatapita Kahama na mzigo, kuna watu wanaomdai Telesphori. Watazungukia Ushetu, njia ya tumbaku, wafike Ushirombo kabla ya magharibi. Ana shangazi nyuma ya misheni, anaitwa Anisia, nyumba ina mlango wa kijani. Maganga mkimkamata msimpige. Yeye aliita."

Askari aliandika yote. Kisha akasimama. "Tuonyeshe mlipopitia."

Bi Mwahija aliwafungulia mlango wa mninga. Askari wa kwanza alipita kwa haraka, na kizingiti kikampiga katikati ya kipara. Akatukana. Wa pili naye.

Zamoyoni, mikono nyuma, aliinama.